Minyororo Niliyoitoa Garini

Fundi Karanja alizikwa Ijumaa moja kule Njoro, na mimi nilikaa safu ya mwisho kabisa chini ya hema, karibu na masufuria, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kutambuliwa. Binti yake, Njeri, alisimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma mahali alipozaliwa, gereji ya Nakuru alikojifunza kazi, mwaka aliooa. Kisha akasoma kwamba marehemu alifanya kazi kidogo upande wa Kericho, akageuza ukurasa. Fundi Karanja aliishi kwetu Chepseon, upande huo wa Kericho, miaka tisa. Alikuwa na gereji yenye mabati mapya, alikuwa na viti vyake kanisani, na watoto wake wawili walizaliwa huko. Nilijua kwa nini miaka yote hiyo imekuwa kidogo. Niliposhikishwa sahani ya wali na nyama niliishika mpaka mafuta yakaganda, nikaiweka chini ya kiti, nikatembea hadi kwenye gari langu bila kumpa mkono mjane. Nilijiambia kwamba watu ni wengi, kwamba siku ya mazishi si siku ya maneno. Nina miaka hamsini na nimefundisha shule za msingi zaidi ya nusu ya maisha yangu, lakini bado najua kujidanganya vizuri kama nilivyojua nikiwa msichana.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikingojea barua ya chuo cha ualimu. Baba alikuwa na stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya maziwa, na hilo ndilo lililokuwa gari pekee kwenye mlima wetu. Lilibeba mikebe ya maziwa, ndama, wagonjwa, wanawake wa kujifungua, na mara mbili nakumbuka lilibeba jeneza huku mlango wa nyuma ukifungwa kwa kamba. Mwaka ule goti la baba lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hiyo kazi ya kulitunza gari iliniangukia mimi, na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kulitayarisha kwa mvua ya mawe. Walimu wenzangu niliofundisha nao Pwani baadaye hawakuniamini nilipowaeleza. Kwetu, kwenye chai, jua huwaka asubuhi kama kawaida, kisha saa nane au saa tisa mchana anga hugeuka rangi ya samawati iliyoiva, na mawe ya barafu huanguka kwa dakika ishirini. Majani ya chai huchanika kama karatasi. Barabara huwa nyeupe, barafu hufika kwenye vifundo vya miguu, na gari likiingia hapo bila kutayarishwa halisimami wala halipandi. Huteleza tu, polepole, kuelekea linakotaka.

Kila Februari, kabla ya mvua ndefu, tulilipeleka gari kwa Fundi Karanja na kumwachia siku mbili. Mwaka ule nilikaa naye siku zote mbili kwa sababu baba alitaka nijifunze. Alihamisha tairi zenye meno makubwa akaziweka nyuma, kwa sababu gari lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Alirekebisha breki za pande zote ziwe sawa, akinieleza kwamba breki inayoshika upande mmoja ni jambo dogo kwenye lami na ni kaburi kwenye barafu. Alipaka grisi kuzunguka kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwenye plagi, ili maji yasiingie. Kioo cha mbele alikisugua kwa ndani kwa kiazi kilichokatwa, kisifanye ukungu. Ndani ya buti tuliweka magunia mawili ya mchanga, ambayo yalikuwa na kazi mbili, kulikandamiza gari chini na kumwagwa mbele ya tairi likikwama. Tuliweka jembe, na magunia matupu ya kutandika, na lile godoro jembamba ambalo mama alilishona kwa gunia na maganda ya mahindi, la kufunika kioo mawe yakianza kuanguka. Juu ya vyote tuliweka minyororo. Fundi aliitengeneza mwenyewe kutoka kwa mnyororo wa kuvutia magogo, akaukata, akaunganisha vipande kama ngazi, akaweka kulabu mwishoni na vipande vya mpira wa tyubu vya kuikaza. Ilizungushwa kwenye tairi za nyuma. Alinifanya niivalishe na kuivua mara sita, mpaka nikaweza kuifunga nikiwa nimefumba macho.

Saa saba mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Njeri, alituita tule. Waliishi katika chumba kimoja nyuma ya gereji, kilichogawanywa kwa pazia la maua mekundu, kitanda upande mmoja, meza na jiko upande mwingine. Chumba kilinukia mafuta ya gari na vitunguu. Alinipakulia mukimo wa kijani, viazi na mahindi yaliyopondwa na majani ya malenge, kwenye sahani ya udongo iliyokuwa moja tu nyumbani mle, wao wakala kwenye za bati, na kila nilipopunguza aliongeza. Nilizoea kimyet, ugali wetu, na mboga na maziwa ya kibuyu, na mwanzoni mukimo ulinikaba, lakini siku ya pili nilikuwa nikiusubiri tangu asubuhi. Walizungumza Kikuyu kwa sauti ya chini, kisha Fundi akakumbuka nipo na kugeuza Kiswahili, na mkewe akamcheka kwa sababu alitamka Kiswahili kama anayevunja kuni. Ni Fundi huyo huyo aliyenifundisha kuendesha. Siku moja mvua ya mawe ilipokwisha kumwagika, alinitoa makusudi mpaka mteremko wa mikalitusi, barabara yote nyeupe, akaniketisha kwenye usukani, akaniambia: "Ukiona nyeupe mbele, sahau breki. Gia ya pili, na mguu utulie. Gari ikianza kuteleza, usipigane nayo." Nilishuka mpaka chini. Alishuka, akaokota barafu akala, akaniambia sasa mimi ni dereva. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia neno la namna hiyo bila kulifuatisha na onyo.

Ninaandika haya yote ili ieleweke nilijua kazi ya minyororo. Sitaki mtu afikiri nilikuwa mtoto asiyejua.

Mwezi wa nne rafiki yangu wa shule, Faith, aliniandikia kwamba dada yake anaolewa mjini Kericho, na wanatafuta magari ya kubeba wasichana wa arusi. Faith alikuwa binti wa meneja katika mashamba makubwa ya chai. Nilikuwa nimelala kwao mara moja, katika nyumba yenye sakafu ya mbao iliyong'aa na chumba cha kulia ambamo hakuna aliyepiga kelele, na nilikuwa nimerudi nyumbani nikiona moshi kwenye kuta zetu ambao sikuwa nimeuona maisha yangu yote. Baba alikubali niende na gari. Jumamosi asubuhi nililiosha, nikafungua buti, na harufu ikanipiga usoni: mchanga wenye unyevu, magunia ya zamani, kutu. Niliwaona akilini wasichana wa mjini wakiwa na nguo za hariri wakigeuka kutazama. Nikatoa kila kitu. Mchanga, jembe na godoro nikaviacha barazani. Minyororo ilikuwa na matope na sikutaka mama aione na kuuliza, nikaiburuta mpaka stoo ya mahindi na kuifunika kwa magunia. Kisha nikatandika shuka jeupe ndani ya buti, nikafunga utepe wa waridi kwenye kioo cha pembeni. Arusini hakuna aliyelifungua buti lile. Hakuna hata aliyelitazama gari. Faith alinisalimia mara moja, akanielekeza niegeshe nyuma ya jengo, pamoja na malori ya viti.

Jumatatu baba alisema breki zinavuta kushoto, nilipeleke gari kwa Fundi. Nilirudisha mchanga, jembe na godoro haraka haraka. Stoo ilikuwa imefungwa, na mama alikuwa ameshaenda kuchuma chai na ufunguo kiunoni, na mimi sikutaka kumfuata shambani na kuanza kueleza. Nikaondoka bila minyororo. Jumanne nilipokwenda kulichukua gari, Fundi alikuwa amelimaliza. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza: "Minyororo iko wapi? Sijaiona kwa buti." Nikamwambia iko nyumbani, nitairudisha. Akanyanyua uso kutazama upande wa Londiani, mvua zetu zinakotoka, akasema niirudishe leo, mawingu ya wiki hii hayapendezi. Nikaitikia. Nilipopita dukani ambako barua zetu ziliachwa, mwenye duka alitoka nje mbio akiwa na bahasha ya kahawia. Nilikuwa nimechukuliwa chuoni. Niliendesha mpaka nyumbani nikiwa sijui nimefikaje. Mama alipika chapati, baba alisali sala ndefu, majirani wakaja kunywa chai na kunishika mkono mmoja mmoja. Kati ya hao alikuwepo Emily, mke wa Kipkoech wa shamba la pili, mjamzito wa mimba yake ya kwanza, aliyekuwa amenizidi miaka miwili tu. Alinitania kwamba nikirudi mwalimu nitamkuta mtoto wake ameshafika darasa langu. Minyororo sikuikumbuka hata mara moja.

Jumatano saa tisa mvua ya mawe ilianguka kama changarawe inayomwagwa kutoka kwenye lori. Ilikuwa haijaisha vizuri Kipkoech alipoingia uani kwetu, gunia kichwani, akisema Emily ana uchungu tangu asubuhi na mkunga amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Baba alifunua kioo, akawasha gari, tukaenda kumchukua. Nilikaa nyuma, kichwa cha Emily mapajani mwangu, Kipkoech mbele na baba. Tulishuka mteremko wa mikalitusi salama, kwa gia ya pili, bila breki. Lakini ili kufika barabara kuu ilibidi kupanda upande wa pili, na hapo barafu ilikuwa nzito, imelala kama unga uliomwagika. Katikati ya mlima tairi zilianza kuzunguka bure. Gari lilisimama, likafikiri, kisha likaanza kurudi nyuma kwa upole, likageuka ubavu na kukaa ndani ya mtaro, limeinama upande wangu. Emily hakupiga kelele. Alinishika kidole gumba akakibana.

Nilimsikia baba akifungua buti nyuma ya kichwa changu. Nilisikia akiondoa jembe, akiondoa magunia. Kisha nikasikia akiyageuza magunia tena. Alizunguka akaja kwenye dirisha langu, maji yakimtiririka kwenye kofia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nimeiona minyororo. Kutoka pale mpaka kwetu ni mwendo wa robo saa kwa mtu anayekimbia, na Kipkoech alikuwa kijana mwenye mapafu. Ningesema tu iko stoo, chini ya magunia. Maneno hayo nimeyasema tangu siku hiyo maelfu ya mara, bafuni, darasani wanafunzi wakiandika mtihani, ndani ya basi nikielekea likizo. Siku ile nilitazama uso wa baba, ambaye jana yake alikuwa amesali kwa ajili yangu mbele za watu, nikasema: "Ilikuwa ndani ya buti nikiipeleka gari kwa Fundi." Baba alibaki ameshika dirisha. "Basi Karanja ameitoa," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeelezwa habari ya msiba.

Walimwaga mchanga, wakatandika magunia, wakasukuma. Gari lilipanda hatua mbili na kurudi. Kipkoech akakimbia kuelekea barabara kuu kutafuta trekta, akaenda upande ambao ulikuwa mbali zaidi kuliko kwetu. Mtoto alizaliwa ndani ya gari lile, lililoinama, mimi nikiwa nimemshika Emily na baba akiwa amesimama nje amegeuza mgongo, akisali kwa Kipsigis, lugha yetu, kwa sauti. Alikuwa msichana. Alilia mara moja, kidogo, halafu akawa anapumua kama anayeonja hewa na kuikataa. Nilimfunga kwa shuka jeupe la arusi, lililokuwa limebaki garini. Trekta la kubeba majani ya chai lilikuja likatuvuta, na tulipofika hospitali Kericho muuguzi alimpokea mikononi mwangu, akamtazama, akamtazama baba, akaenda naye ndani bila kukimbia. Nilielewa kutokana na mwendo wake. Hakuna daktari aliyewahi kusema kwamba angeishi kama tungefika mapema, na hakuna aliyewahi kusema kwamba asingeishi. Emily alipona. Baadaye alipata watoto watatu, na amenipa mkono katika kila ibada tuliyokutana, na mkono wake kila mara huwa na joto.

Siku mbili baadaye baba alikwenda kwa Fundi Karanja, akanichukua niende naye kama shahidi. Fundi alikuwa chini ya lori, akatoka, akasalimia. Alikuwa amesikia habari na alianza kutoa pole. Baba alimkatiza akamuuliza kuhusu minyororo, bila kumwita mwizi, lakini neno hilo lilikuwa limesimama pale pamoja nasi. Fundi alisema: "Mzee Mosonik, gari ilikuja kwangu bila minyororo. Nilimwambia msichana airudishe." Kisha akanigeukia, si kwa hasira, akanitazama kama siku ile mteremkoni, akingoja nitulize mguu. Baba naye akanitazama. Mama Njeri alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba kile, pazia la maua mekundu nyuma yake, na kijiko mkononi. Nikasema hakuniambia kitu. Fundi akarudi chini ya lori lake. Tulipokuwa tukiondoka niliona viatu vyake viwili vimetulia chini ya lori, hafanyi kazi yoyote.

Katika miaka ile neno kama hilo halikukaa mahali pamoja. Uchaguzi ulikuwa umepita na kuacha makovu, mwingine ulikuwa unakuja, na watu waliokaa jirani muda mrefu walikuwa wameanza kuhesabiana makabila. Nilisikia mengi mwaka ule nikiwa nimenyamaza. Kwenye foleni ya kupimia chai nilisikia wanaume wakisema hao watu wa kutoka Central, mkoa wa Wakikuyu, ndivyo walivyo, humkaribisha mtu mezani na kumwibia ndani ya buti ya gari. Jikoni kwetu, wanawake wakimenya viazi, mmoja alisema minyororo yetu bila shaka imeuzwa Nakuru, mwingine akasema mtoto wa Emily ameuawa na mkono wa Karanja, na mama akaendelea kumenya bila kuitikia. Baba hakusema hivyo kamwe. Alichofanya ni kuacha kupeleka gari kwake, na mtu kama baba alipoacha, wote waliacha. Kanisani viti vyao vilianza kuwa na nafasi pande zote mbili. Mwezi wa saba mtu alivunja vioo vya magari yaliyokuwa gerejini, na mwezi wa nane, siku ya soko, nikiwa nimesimama mbele ya duka la mbegu, nilimwona Fundi akipakia vifaa vyake kwenye lori. Mama Njeri alikuwa amekaa mbele, mtoto mdogo mapajani, na ile sahani ya udongo ameifunga kwa taulo na kuishika mwenyewe. Nilirudi nyuma nikasimama ndani ya duka, kati ya magunia ya mbolea, mpaka lori likaondoka.

Kuhusu minyororo yenyewe, kesho yake baada ya ajali nilikwenda stoo kuitafuta nikaitupe, nikakuta haipo. Magunia yalikuwa yamekunjwa vizuri na kupangwa ukutani. Miezi mitano niliishi nikijua kwamba kuna mtu anajua. Asubuhi ya kwenda chuoni mama alinikaangia mayai mawili, akanimiminia maziwa ya kibuyu, akaketi mbele yangu kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Aliniangalia nikila. Kisha akasema, akiwa anakunja kitambaa juu ya goti, kwamba ile kitu ya stoo ameshaitupa kwenye choo cha zamani kabla hakijafukiwa, nisiifikirie tena, niende nisome. Nilitaka alie au anipige. Alisimama, akaenda kukamua. Hatukuizungumza tena mpaka alipofariki, na nafikiri ulikuwa mzigo mzito kwake kuliko kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimejifunika mwenyewe na yeye alinifunika akiwa anamwona Mama Njeri kanisani kila Jumapili ya miezi ile.

Baada ya mazishi ya Njoro sikwenda nyumbani kwangu. Niliendesha mpaka kwetu mlimani. Baba sasa amepita miaka themanini, haoni vizuri jicho moja, na mchana hukaa kwenye baraza amevaa koti hata jua likiwaka. Nilimwambia nimetoka kumzika Karanja. Akasema Mungu ampumzishe, alikuwa fundi mzuri, kisha akaongeza kwamba kosa lake ni lile moja tu, la minyororo. Ndipo nikamwambia. Nilimweleza kuanzia utepe wa waridi mpaka choo cha zamani, sikuacha kitu. Alinisikiliza ameshika fimbo kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja tu, kama mama alijua, nikasema alijua. Kisha akasema nimtafutie viatu vyake vya kanisa, twende Njoro.

Nilimwambia ni mbali, tungoje kesho. Alinyoosha tu mguu nimvishe. Tulifika saa kumi na mbili jioni. Hema lilikuwa linashushwa, na Mama Njeri alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, amezungukwa na wanawe na wakwe, leso begani. Amezeeka, lakini nilimtambua kwa namna alivyoinua kidevu. Walituletea viti. Baba alikataa kukaa. Alivua kofia, akaegemea fimbo, na kwa Kiswahili chake kibovu akasema: "Mama, mimi ni Mosonik wa Chepseon. Mimi niliita bwana yako mwizi. Hakuwa mwizi. Nimekuja kusema mbele ya watoto wake." Akainamisha kichwa na kukaa hivyo. Nilingoja ataje jina langu. Hakulitaja. Nilielewa kwamba hatalitaja, kwamba yuko tayari kurudi nyumbani akiwa ameubeba peke yake, na kwamba nikinyamaza sasa itakuwa mara ya nne, baada ya garini, gerejini na mchana huu chini ya hema.

Nilisogea mbele yake. Nikasema si yeye, ni mimi niliyeitoa minyororo, na kwamba Fundi aliniambia niirudishe, na mimi nikasema hakuniambia. Sauti yangu ilitoka ndogo, ya msichana, nikaona Njeri akiweka chini sufuria aliyokuwa ameibeba. Mama Njeri alinitazama tangu kichwani mpaka viatuni, bila haraka. "Tunajua," akasema. "Alituambia siku ile ile. Akasema wewe ni mtoto, umeogopa, lakini utakuja kusema. Hata lori ikiondoka alikuwa anaangalia kwa kioo." Alivuta leso yake akaikaza mabegani. "Njoro hapa alikuwa anasema hivyo pia, mwaka wa kwanza, wa pili. Kisha akaacha kusema."